Unga na Mafuta: Tarehe ya Nywele Zisizofikiwa na Maji

Tangu zamani binadamu amekuwa na njia mbili za kukitunza kichwa katika siku ambazo maji hayakifiki. Njia ya kwanza ni ya unga: hunyunyizwa juu ya nywele, huyanywa mafuta, kisha hupanguswa. Njia ya pili ni ya mafuta yenyewe: hupakwa ili nywele zilale na zing'are. Leo njia hizi mbili zinauzwa katika makopo mawili yanayosimama bega kwa bega katika rafu moja ya duka. La kwanza ni la shampuu kavu, na kazi yake ni kuuondoa mng'aro wa mafuta. La pili ni la mafuta mepesi ya kupuliza, na kazi yake ni kuurejesha mng'aro. Mwenye nywele nyembamba na nyeusi anayeyajaribu yote mawili mbele ya kioo hugundua upesi kwamba mkono wake wa kushoto unatia kile ambacho mkono wa kulia umekitoa punde hivi. Kichekesho hicho kina tarehe ndefu, na ndani ya tarehe hiyo mna mkate wa maskini, mna uhai wa watu, na mna hata anga.

Ni vyema kuanza na unywele wenyewe, kwani ndio shahidi wa kwanza katika kesi hii. Kila unywele huota katika kishimo kidogo cha ngozi, na ubavuni mwa kishimo hicho mna tezi inayotoa mafuta. Mafuta hayo si uchafu. Ni kinga ya ngozi na ya unywele. Katika nywele za kipilipili mafuta hupata taabu kusafiri kutoka shinani hadi nchani kwa sababu ya mizunguko ya unywele, na ndiyo maana nywele hizo hulilia mafuta ya kupaka. Katika nywele nyoofu na laini, zile ambazo watu wa pwani huziita za singa, mafuta huteremka bila ya kizuizi. Zikiwa nyembamba pia, huchukua muda mchache tu baada ya kuoshwa zikaanza kushikana, zikalala juu ya ngozi ya kichwa, na zikaonekana chache kuliko zilivyo. Mwenye nywele nene huweza kustahamili siku kadhaa; mwenye nywele nyembamba huanza kujitazama kwa wasiwasi kabla ya siku ya pili kwisha.

Weusi nao una sheria yake. Rangi ya unywele hutokana na chembechembe za melanini, na unywele mweusi ndio wenye wingi wa chembechembe hizo. Mwanga unapoupiga unywele, sehemu yake huruka kutoka juu ya magamba yake laini kama inavyoruka kutoka juu ya kioo, na sehemu nyengine huingia ndani. Katika unywele mweupe au wa manjano, ile iliyoingia ndani hutoka tena na kuchanganyika na ile ya juu. Katika unywele mweusi humezwa na melanini. Kwa hivyo mng'aro wa nywele nyeusi huonekana peke yake, wazi, kama mbalamwezi juu ya bahari ya usiku. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kila kinachouharibu huonekana pia. Chembe moja ya wanga, ikitazamwa peke yake, haina rangi. Zikikusanyika chembe nyingi huutawanya mwanga kila upande na kuonekana nyeupe, kama vile maji ya bahari yasiyo na rangi yanavyokuwa meupe yanapogeuka povu la wimbi. Povu hilo juu ya mchanga mweupe ni shida kulitambua. Juu ya jabali jeusi huonekana kutoka mbali. Ndivyo ulivyo unga juu ya nywele nyeusi.

Waliokuwa wa mwanzo kuufanya unga kuwa fahari ya kichwa katika Ulaya hawakuiona hiyo kuwa ni kasoro, kwani weupe ndio hasa waliokuwa wakiutafuta. Katika karne ya 17 mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa, ambaye nywele zake zilianza kupungua angali kijana, alivaa nywele za bandia. Mwanawe, Louis wa 14, akaifanya desturi hiyo kuwa sheria isiyoandikwa ya watu wa baraza. Ilipofika karne ya 18, kichwa cha mtu wa heshima, kiwe cha nywele zake au za kununua, kilikuwa ni kichwa cheupe. Unga wake ulikuwa wanga wa ngano uliosagwa na kuchekechwa mara nyingi, kisha ukatiwa harufu ya mzizi wa airisi, ya maua ya machungwa au ya lavenda. Kwanza nywele zilipakwa marhamu ya shahamu ya wanyama, kisha unga ukapulizwa juu yake kwa mvukuto mdogo, na mwenyewe amejitanda shuka na kuuficha uso wake ndani ya karatasi yenye umbo la koni. Nyumba za wakubwa zilikuwa na kijichumba maalumu kwa shughuli hiyo. Unga na mafuta walikuwa bado ni ndugu wakati huo: shahamu iliushika unga, na unga uliificha shahamu, na kichwa kikakaa wiki nyingi bila ya kuonja maji.

Weupe huo ulikuwa, kabla ya kitu chengine chochote, weupe wa cheo. Aliyeuvaa alitangaza kwamba ana mtumishi wa kumpulizia, ana saa za kupoteza asubuhi, na ana ngano ya kumwaga. Neno la mwisho ndilo lililoleta maafa. Mwaka 1775, baada ya mavuno mabaya, bei ya mkate ilipanda katika Ufaransa, na watu wakaingia barabarani na masokoni katika machafuko yaliyokuja kujulikana kwa jina la Vita vya Unga. Si vigumu kufahamu mama aliyerudi sokoni mikono mitupu alisema nini moyoni mwake alipopishana na kichwa kilichonyunyiziwa ngano. Mapinduzi ya mwaka 1789 yalikuwa na sababu nyingi kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, baada ya mapinduzi hayo, kichwa cheupe katika mji wa Paris kiliacha kuwa alama ya heshima na kikawa alama ya kushukiwa.

Uingereza ilifika kwenye jambo hilo hilo kwa njia ya kodi. Mwaka 1795 nchi ilikuwa vitani na Ufaransa, nafaka ilikuwa haba, na hazina ilihitaji fedha. Waziri Mkuu William Pitt akapitisha sheria iliyomtaka kila anayetumia unga wa nywele kununua cheti cha mwaka kwa gini moja, yaani shilingi 21. Familia ya kifalme ilisamehewa pamoja na watumishi wake, wakasamehewa na makasisi wenye kipato kidogo, na baba mwenye mabinti wengi wasioolewa alitakiwa kuwalipia wawili tu. Mwaka wa kwanza kodi hiyo iliingiza kiasi cha pauni 200,000. Waliolipa wakapachikwa jina la simbilisi na wapinzani wao, kwani jina la mnyama huyo kwa Kiingereza limebeba jina la sarafu ile ya gini. Kwa kejeli ya tarehe, jina hilo hilo baadaye likaja kuwa la kiumbe yeyote anayefanyiwa majaribio ya dawa na vipodozi.

Wapinzani hao hawakuishia kwenye mzaha. Mtawala wa Bedford na marafiki zake walikutana katika kasri lake la Woburn mwaka huo huo, wakazikata nywele zao fupi, wakazichana bila ya unga, na wakaapa kutoilipa hazina hata senti. Mtindo wao ukaenea. Mwaka 1812 waliolipa kodi walikuwa bado 46,684. Mwaka 1855 walibakia 997, na karibu nusu yao walikuwa watumishi wa majumba ya wakubwa, waliovalishwa unga kama sehemu ya sare. Mwaka 1869 kodi ilifutwa. Fahari iliyoanzia kichwani mwa mfalme ilimalizikia kichwani mwa mfungua mlango, ambaye hakuuchagua unga huo wala hakuulizwa kama unampendeza.

Wakati unga ukipukutika kutoka vichwani mwa Waingereza, neno jipya lilikuwa likiingia kwao kutoka Bahari ya Hindi. Neno hilo ni shampuu. Asili yake ni Kihindi, amri ya kitenzi chenye maana ya kubonyeza na kukanda. Lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 18 lilikuwa halina khabari na nywele wala na sabuni. Aliyelipa umaarufu ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna wa mwaka 1759, aliyetumikia katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, akahamia Ireland, na mwaka 1794 akachapisha kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza kuandikwa na Mhindi kwa lugha ya Kiingereza. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi mjini London, nao haukudumu. Baadaye akahamia Brighton, akafungua nyumba ya bafu za mvuke na kukanda mwili kwa mafuta. Wafalme wawili, George wa 4 na William wa 4, walimteua kuwa mkandaji wao. Alifariki mwaka 1851, na ni baada ya kifo chake ndipo neno lake lilipohama kutoka mwilini likapanda kichwani na kuwa na maana ya kuosha nywele.

Msomaji wa visiwani hatauona ugeni katika maana ile ya mwanzo. Biharusi wa pwani husingwa. Somo wake humsugua mwili kwa singo na liwa, akamkanda kwa mafuta yenye harufu, akakipaka na kichwa. Mkono unaokanda, mafuta yanayonukia na nywele zinazotunzwa ni shughuli moja katika desturi hiyo, kama zilivyokuwa shughuli moja katika nyumba za Patna. Ulaya ilipolichukua neno, ililitenga na mafuta yake. Na mwisho wake neno lililokuja na mafuta likapewa kazi ya kuyaondoa.

Na mafuta yalikuwa na dola yake. Kuzunguka bahari hii, kutoka pwani ya Afrika hadi visiwa vya mashariki ya mbali, mng'aro wa nywele haukuwa aibu ya kufichwa bali ulikuwa pambo la kutafutwa. Wanawake wa pwani walikuna nazi, wakakamua tui, wakalichemsha hadi mafuta yakajitenga, wakatia humo asumini au langilangi. India nayo ilikuwa na nazi yake na ufuta wake. Japani, ambako nywele ndefu nyeusi zimehesabiwa kwa karne nyingi kuwa nusu ya uzuri wa mwanamke, ilikamua mafuta ya mbegu za mti wa kamelia, na mpaka leo visiwa vya Izu Oshima na Goto vinasifika kwa mafuta hayo. Huko kote, mafuta yaliyozidi hayakuondolewa kwa unga. Yaliondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kilichopitishwa mara nyingi kutoka shinani hadi nchani. Kitana hicho kilifanya kazi mbili kwa mpito mmoja: kiliyapunguza mafuta pale yalipojaa na kuyafikisha pale yalipokosekana. Kazi hizo mbili ndizo ambazo leo zimegawiwa makopo mawili.

Ulaya nayo ilivutwa na mng'aro huo. Mwishoni mwa karne ya 18 kinyozi wa London, Alexander Rowland, alianza kuuza mafuta ya nywele aliyoyapa jina la Makassar, mji wa bandari katika kisiwa cha Sulawesi, akidai kuwa viungo vyake vimetoka huko. Mafuta hayo yalipata sifa kubwa kiasi cha Byron kuyataja katika utenzi wake wa Don Juan. Lakini wake wa nyumba za Uingereza walikasirishwa na madoa yaliyoachwa na vichwa vya waume zao juu ya viti vya sebuleni, wakaanza kutandika vitambaa kwenye migongo ya viti, na vitambaa hivyo vikaitwa kwa jina lenye maana ya kipinga-Makassar. Kitambaa hicho ni hati ya kihistoria. Kinaonyesha mahali ambapo mafuta yalianza kuhesabiwa kuwa doa.

Baada ya hapo maji yalipata mtetezi. Mwaka 1903 mkemia Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza unga wa kuoshea nywele uliokorogwa na maji, na mwaka 1934 ikatokea Marekani shampuu ya mwanzo ya sabuni ya kutengenezwa viwandani, iliyoitwa Drene. Kadiri uoshaji ulivyokuwa rahisi, ndivyo kichwa chenye mafuta kilivyozidi kuonekana kichafu. Lakini nywele za wanawake zilikuwa ndefu, vikaushio vya umeme vilikuwa bado havijaenea majumbani, na kichwa kilichooshwa asubuhi kiliweza kuwa na majimaji hadi alasiri. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la shampuu kavu, nalo halikuwa na maana ya unga. Lilikuwa na maana ya kioevu kinachoyeyusha mafuta kisha kikapotea hewani chenyewe, kama vinavyofanya vioevu vya kusafishia nguo bila ya maji.

Kimoja kati ya vioevu hivyo kilikuwa kaboni tetrakloridi. Hakiwaki moto, na kwa hivyo wasusi waliona kuwa ni salama kuliko vile vya jamii ya petroli. Hawakuujali mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa mara kadhaa na humzunguka aliyeketi kitini kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mwezi wa Julai 1909, katika duka moja kubwa la London, mwanamke wa miaka 29 aliketi kuoshwa nywele kwa kioevu hicho, na hakuinuka tena. Wengine kabla yake walikuwa wamezimia. Aliyeketi pale hakuwa mgonjwa wala hakuwa na haja ya dawa. Alitaka tu nywele safi kabla ya jioni. Kifo chake kiliupa umma somo ambalo lingehitaji kurudiwa zaidi ya mara moja katika karne iliyofuata: kinachokauka haraka hakikupotea, kimehamia katika pumzi ya mtu.

Unga ukarejea, safari hii kwa unyenyekevu. Katika miaka ya 1940 Marekani ilikuwa na bidhaa iliyoitwa Minipoo, unga uliouzwa pamoja na kifuko cha kuvaa mkononi cha kuusugulia kichwani. Iliwalenga wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani na wafanyakazi wasio na nafasi. Hapakuwa tena na mvukuto wala mtumishi. Weupe, ambao zamani ulikuwa ndio shabaha, sasa ukawa ni masalio ya kuondolewa kwa burashi, na wenye nywele nyeusi walipiga burashi zaidi kuliko wengine.

Kopo la kupuliza lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1941 Lyle Goodhue na William Sullivan, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walibuni chombo cha kurushia dawa ya wadudu kwa nguvu ya gesi, na majeshi yakakitumia dhidi ya mbu wa malaria wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 Robert Abplanalp akabuni vali nyepesi na rahisi, na chombo cha vita kikaingia katika meza ya vipodozi. Ilipofika miaka ya 1970, shampuu kavu ya kupuliza ilikuwa ni bidhaa ya kawaida katika Marekani na Ulaya, ikitumia wanga wa mchele, wa mahindi au unga wa oti. Mvukuto wa karne ya 18 ulikuwa umerudi, ukiwa na pumzi ya kiwandani.

Pumzi hiyo ilikuwa ni ya gesi za klorofluorokaboni, ambazo hazina harufu, haziwaki na hazimdhuru anayepuliza. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo hupanda hadi tabaka la juu la anga na kuiharibu ozoni inayoikinga ardhi na miale mikali ya jua. Jina la Rowland likawa limeingia mara mbili katika tarehe ya nywele, safari ya kwanza kwa muuza mafuta na safari ya pili kwa mlinzi wa anga. Marekani ilizipiga marufuku gesi hizo katika makopo mengi ya kupuliza mwaka 1978, Mkataba wa Montreal ukafuata mwaka 1987, na mwaka 1995 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Crutzen. Viwanda vikahamia kwenye butani na propani, gesi zisizoigusa ozoni lakini ziwakazo moto.

Mtu anayeyajaribu makopo hayo mawili leo, basi, anazijaribu karne tatu kwa wakati mmoja, na nywele nyembamba nyeusi ndizo mizani kali kuliko zote. Wanga wa mchele huzifaa zaidi kwa kuwa chembe zake ni miongoni mwa zilizo ndogo sana, mikroni chache tu. Kopo linatakiwa kushikwa mbali na kichwa, kiasi cha urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni; unga hupulizwa shinani kwa mafungu, huachwa dakika chache uyanywe mafuta, kisha huchanwa kwa subira. Akiharakisha, atatoka nje na mvi ambazo umri haujampa. Viwanda vimetoa aina zilizotiwa rangi ya kahawia au nyeusi, na kweli huficha weupe. Lakini rangi hiyo huhamia katika kola ya nguo na foronya ya mto. Kitambaa cha kipinga-Makassar kimepata kazi mpya.

Akishafanikiwa, hugundua kuwa unga umekwenda na mafuta pamoja na mbalamwezi yake. Nywele zimesimama, lakini zimefifia. Hapo huliendea kopo la pili. Aghalabu mng'aro wa kopo hilo si wa nazi wala wa kamelia. Ni wa silikoni, vitu vilivyoanza kutengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1940 kwa mahitaji ya viwanda na ya vita. Silikoni hutanda juu ya unywele kama utando mwembamba na kuyasawazisha magamba yake, na mwanga ukaruka kwa pamoja. Kwa nywele nene huweza kupulizwa bila ya hesabu. Kwa nywele nyembamba hupulizwa kidogo, kuanzia katikati hadi nchani, na kamwe hausogezwi shinani ulipo unga, kwani wanga ukikutana na mafuta matokeo yake hayajulikani saluni, yanajulikana jikoni.

Hesabu ya madhara nayo haijafungwa. Mwezi wa Oktoba 2022 shampuu kavu za chapa kadhaa ziliondolewa madukani Marekani kwa hofu ya kuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na gesi ya kusukumia ndiyo iliyonyoshewa kidole. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki, iliyotumika kwa miaka mingi katika poda za kila namna, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulizibana zaidi baadhi ya silikoni nyepesi kwa kuwa hazioozi upesi katika mazingira. Si hoja ya kumtia mtu khofu kila anapokigusa kichwa chake. Ni ushahidi kwamba lile somo la mwaka 1909 lingali linasomeshwa.

Lakini suala zito kuliko yote limeandikwa juu ya makopo yenyewe, kwa herufi ndogo. Shampuu kavu ya kawaida huitwa shampuu kavu, basi. Iliyotiwa rangi huandikwa kuwa ni kwa ajili ya nywele nyeusi. Hali ya kuwa nywele nyeusi ndizo nywele za walimwengu walio wengi: za Waafrika, za Wahindi, za Wachina, za Waarabu, za watu wa visiwa vya bahari zote. Nywele zilizoenea kuliko zote duniani zimepewa daraja la kipekee, kama mgeni anayetafutiwa kiti, na zile chache zikafanywa ndizo kipimo. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo kwa ubaya. Ni urithi tu. Unga ule ulizaliwa kwa ajili ya kufanya vichwa viwe vyeupe, na miaka mia tatu haikutosha kuusahaulisha kazi yake ya mwanzo.

Pwani nayo haiwezi kuinua kidole na kujifanya haina mizani yake. Lugha iliyozisifu nywele za singa ndiyo iliyowafundisha watoto wengi wa kike kusema kwamba nywele zao za kipilipili ni mbaya, na kuna bibi waliokufa wakiamini hivyo, ingawa mafuta ya nazi waliyoyapika kwa mikono yao hayakuchagua kichwa. Yaliingia katika kipilipili na katika singa, yakang'arisha huku na kule, kila nywele kwa namna yake.

Wala haifai kuyadharau makopo yale mawili. Muuguzi anayemaliza zamu alfajiri, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa asiyeruhusiwa kulowa, na mkaazi wa mji ambao mifereji yake hutoa maji kwa siku za kuhesabika, wote wana haki ya kutoka mbele za watu na kichwa kinachowaridhisha. Unga kidogo shinani na mng'aro kidogo nchani si dhambi. Inatosha wakijua kwamba kile wanachokifuta asubuhi kwa kopo la kwanza si uchafu, na kile wanachokinunua katika kopo la pili walikuwa nacho jana usiku, kabla hawajalala.